Bei ya Kukaa

Jua lilikuwa likielekea kuzama nyuma ya majahazi pale mwalimu mmoja mstaafu na mkewe walipopanda ngazi za hoteli moja ya ufukweni, Mji Mkongwe. Ndoa yao ilikuwa imetimiza miaka arubaini, na mzee aliazimia kwamba siku hiyo bibi asipike wala asihesabu. Walipewa meza inayotazama bahari, pamoja na orodha ya vinywaji. Mzee alivaa miwani, akasoma, akaivua, akaifuta, akasoma tena. Bei haikubadilika. Gilasi moja ya sharubati ya embe ilitosha kununua kilo tatu za mchele wa mapembe.

Mhudumu aliyewajia alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. "Shikamoo mwalimu," alisema, kisha akainama na kunong'ona: "Chukueni moja, nitawaletea gilasi mbili." Bibi alimwuliza embe hizo zinatoka wapi. "Darajani, mama," alijibu kijana. Wote watatu wakacheka, kwani asubuhi ile ile bibi alikuwa amenunua fungu zima la embe katika soko hilo hilo.

Cheko lile lilikuwa na uchungu ndani yake. Hata hivyo, si haki kumtupia mwenye hoteli lawama zote. Analipa kodi, umeme na mishahara ya vijana wa Ng'ambo. Na maradhi ya 2020 yalipowazuia wageni, vijana hao ndio waliorudi makwao mikono mitupu. Mwaka 2022 unga, mafuta ya kula na petroli vilipopanda, hapana mlango uliosalimika. Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone; na kweli wapo wengi waliopona. Lakini pale juu embe ni kisingizio tu. Kinachouzwa ni kiti, upepo na machweo, vitu ambavyo wazee wa mji huu hawakupata kuvitia katika mizani.

Kwani starehe ya Waunguja ina gharama gani? Wanaume wana baraza zao: dhumna, bao, habari za dunia, na muuza kahawa na dele lake akigonganisha vikombe. Ama wanawake, baraza ya njiani haikuwa mahali pao. Wao walikuwa na Forodhani, bustani iliyotengenezwa mwaka 1936, kisha ikakarabatiwa na Amana ya Utamaduni ya Aga Khan na kufunguliwa upya 2009. Huko mama huenda na wanawe baada ya magharibi, akapunga upepo, na asiulizwe na mtu amenunua nini. Ndiyo maana bei inapopanda ukingoni mwa bahari, wa kwanza kufukuzwa ni mwanamke, tena bila ya kuambiwa neno. Huutazama mkoba wake, akavua buibui, akabaki nyumbani.

Watu huidhania dhiki kuwa ni sufuria tupu. Iko dhiki nyingine, ya mtu kushindwa kukaa na mwenziwe saa moja bila ya kupiga hesabu moyoni.

Wazee wale walikunywa sharubati yao kwa vituo, wakalipa, wakamwombea kijana dua, wakashuka. Walikwenda hadi Forodhani, wakakaa juu ya ukuta wa bahari, vijana wakijirusha majini mbele yao. Mzee alinunua maji ya miwa. Nayo yalikuwa yamepanda, lakini kwa kiasi ambacho mstaafu huguna tu, kisha akatoa.

"Hapa," alisema bibi, "ningekaa mpaka alfajiri."

Giza liliingia, taa za karabai zikawashwa kwenye meza za wauzaji. Hapana aliyekuja kuwauliza kama wanahitaji kitu kingine. Bahari ilikuwa ile ile waliyoitazama kutoka juu.