Kalafati ya Nchi Kavu

Kalafati ni neno linukialo pwani. Fundi wa jahazi husokota pamba, huitia mafuta, kisha huishindilia kwa chembeu na nyundo katika mianya ya mbao, bahari isipate njia. Waingereza husema caulk, neno la seremala na la baharia pia. Warusi husema konopatit, nao hulitumia kwa mashua na kwa nyumba za magogo, wakipachika katani ili baridi isipenye.

Mfasiri amwandikiaye msomaji wa Kilosa au Mikumi, mbali na bahari, hushawishika kuandika "ziba", basi. Hapo ndipo chombo kinapovuja. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hayo ni ya nchi kavu. Baharini hakuna ukuta wa kujenga. Kukalafati kwataka subira, zana na mkono uliofunzwa.

Tena Kilosa haiko mbali na neno hili kama idhaniwavyo. Mashamba ya Kimamba yalitoa katani ya mkonge, na pale Ilonga pamba ilifanyiwa utafiti. Na Mto Mkondoa ulipovunja tuta lake, mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, wenyeji waliona kwamba maji hayangoji mlango.

Boti za fibagilasi hazihitaji pamba, na neno lisilo na kazi husahauliwa. Na liandikwe, basi, mbele ya msomaji wa bara. Huenda bahari haijui, maji anayajua.