Gari ya milango miwili

Zamu yetu ya likelemba imefika, na kule Kasumbalesa tumeona Toyota Celica ya mwaka 2000, imetoka Japani. Ni nzuri kweli! Baba watoto aliizunguka mara tatu.

Lakini volani iko kuume, na sisi Kongo tunaendesha upande wa kuume. Ukitaka kupita lori, hauoni gari inayokuja. Mpaka mwenye kukaa pembeni akuambie. Tena iko chini sana kwa mashimo ya njia yetu ya kwenda masomo, zaidi wakati wa mvua. Nyuma inabeba wawili, na sisi tuna watoto watatu.

Tumepatana: minervali ilipwe kwanza. Franga zitakazobaki tutaziweka kwa gari ya milango mine. Kwa sasa tunapanda taksibisi.