Aibu Hainyanyui Pikipiki

Shinyalu, Kakamega

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako ameniambia kwamba uliangusha pikipiki karibu na Isecheno, mvua ya alasiri ikinyesha, na kwamba sasa unatembea umeshika kiuno. Ameniomba nikushawishi uiuze. Sitafanya hivyo. Anayebeba abiria katika barabara zetu za udongo ameshaiangusha, au siku yake inakuja. Linalonisumbua ni kiuno chako, kwa maana hukukiumiza ulipoanguka. Ulikiumiza ulipoinyanyua kwa pupa kwa kuwa watu wa steji walikuwa wanacheka.

Nakumbuka enzi za bodaboda za baiskeli. Baiskeli ikianguka unaiokota kwa mkono mmoja, na mto ukifurika unaibeba begani. Kisha mwaka 2008 serikali ikaondoa VAT kwa pikipiki ndogo, nazo zikajaa vijijini. Pikipiki ya kazi ina zaidi ya kilo 100, bila abiria wala gunia. Chombo kilibadilika, lakini watu wengi bado wanainua kwa mazoea ya baiskeli: wanainama, wanavuta kwa mikono, mgongo umepinda. Ukiinua hivyo, mzigo wote unakaa kiunoni.

Utakuja kuona kwamba mara nyingi pikipiki inaanguka ikiwa imesimama au inatambaa. Unakanyaga chini, mguu unakutana na shimo. Abiria anashuka bila kukwambia. Unageuza katikati ya umati siku ya kupiganisha mafahali, ngoma ya isukuti inalia, mtu anakupita mbele. Au umeiegesha vizuri, stendi ikadidimia matopeni. Dawa yake ni jiwe bapa chini ya stendi.

Ikishapita mahali ambapo nguvu zako zinaweza kuizuia, iache ianguke, utoe mguu. Kioo kinanunuliwa dukani. Tena ekzosi iko upande wa kulia, nayo huunguza shavu la mguu kabla hujasema neno.

Ikishalala, mwangalie abiria kwanza. Zima injini, funga koki ya petroli. Ukisikia harufu ya petroli, mwambie mwenye sigara akae mbali. Shusha mizigo yote, hata kama mwenye mahindi ana haraka. Ingiza gia ili gurudumu la nyuma lisibiringike. Kama imelalia kulia, fungua stendi kabla ya kuinua, maana iko kushoto, na huko ndiko pikipiki itakakoegemea ikisimama.

Sasa kuinua kwenyewe. Geuza usukani wote uelekee upande ilikolalia, mpaka ukome. Mshikio wa chini utasogea karibu na tangi. Ipe pikipiki mgongo, chuchumaa, makalio yaegemee ukingo wa kiti. Mkono mmoja ushike mshikio huo, mwingine ushike keria au chuma imara karibu na kiti, si plastiki wala taa. Nyoosha mgongo, tazama mbele, kisha sukuma kwa miguu ukirudi kinyumenyume kwa hatua fupi fupi. Mikono kazi yake ni kushikilia tu. Ikikaribia kusimama, punguza nguvu, la sivyo utaiangusha upande wa pili na wale watu watapata kicheko cha pili.

Kwenye mteremko, angalia magurudumu yanaelekea wapi. Yakielekea juu, usijaribu kuinua. Iburute ikiwa imelala, uizungushe mpaka magurudumu yaelekee bonde. Kwenye utelezi, weka mawe upande wa pili wa matairi ili yasikimbie unaposukuma.

Ikishasimama, usipige kiki papo hapo. Kagua klachi, breki, usukani na taa. Tazama kama oili imemwagika. Kama ililala muda mrefu, pima oili kwanza. Injini ikikataa kuwaka, huenda petroli imezidi kwenye kabureta; ipe dakika chache, usishindane nayo.

Najua kinachokuuma zaidi. Wewe ni msichana katika steji ya wanaume, na unaona kwamba ukiomba msaada utakuwa umewapa la kusema. Mpwa wangu, mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Wanaume hao hao wakiangusha zao huitana wawili watatu, na hakuna anayehesabu. Anayekucheka mwambie ashike nyuma. Nimeona wengi wakiacha kucheka pindi wapewapo kazi. Na njia niliyokueleza haimtegemei mwenye misuli. Inamtegemea mwenye subira.

Kiuno hicho kipumzishe. Mguu ukifa ganzi, au ukishindwa kuzuia mkojo, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje kesho. Usirudi barabarani bila helmeti na jaketi la kuakisi mwanga, wewe na abiria wako, maana sheria ya trafiki inawataka nyote wawili mvivae. Na abiria ni mmoja. Wa pili ndiye anayekuyumbisha matopeni.

Ukipona, njoo nyumbani na pikipiki, tangi likiwa karibu kuwa tupu. Tutailaza nyasini taratibu, kulia na kushoto, nawe utaiinua mpaka uizoee. Mimi nitakaa kwenye kiti. Umri wangu unaniruhusu.

Mjomba wako akupendaye