Kalamu Imejua, Ulimi Bado

Lugha ina milango mitatu: sikio, ulimi na jicho. Mtoto huingia kwa mlango wa sikio, akapita katika ulimi, na akiisha kutimiza miaka sita au saba ndipo aufikiapo mlango wa jicho, yaani kitabu. Askari wengi wa Afrika ya Mashariki, waliozaliwa katika lugha nyingine, walikipata Kiswahili kwa mpango huo huo: kwanza amri za gwaride, kisha nyimbo za mchakamchaka na mazungumzo ya bwaloni, na mwisho barua na gazeti. Lakini wako vijana kwa mamilioni ambao safari yao imepinduliwa. Hao ni wanafunzi wa Uchina wanaojitayarisha kwa mtihani mkubwa wa Kiingereza wa vyuo vikuu, ule wa Daraja la Sita. Wao huanza kwa jicho, hukaa na jicho miaka mingi, na wako wanaomaliza chuo hali ulimi haujafunguka. Wachina wenyewe wanalo jina la hali hiyo: hukiita Kiingereza cha bubu.

Yafaa kuitazama safari ya vijana hao kwa makini, kwa maana nyumba nyingi siku hizi zina mtoto anayejitayarisha kwa mtihani katika lugha isiyosemwa nyumbani kwao.

NCHI YA MITIHANI

Mtihani nchini Uchina si jambo la jana. Kwa muda wa miaka ipatayo 1,300, tangu mwanzo wa karne ya saba mpaka ulipofutwa mwaka 1905, mtihani wa kifalme ulikuwa ngazi ya kupandia utumishi wa serikali. Mjini Nanjing palikuwa na uwanja wa mitihani wenye vijumba vipatavyo 20,000. Mtahiniwa aliingia humo na chakula chake, akafungiwa siku kadhaa, akiandika mchana na kulala papo hapo usiku. Aliyefaulu aliweza kuwa hakimu, na ukoo wake wote ukainuka pamoja naye. Imani ya kwamba kalamu yaweza kumtoa mtu shambani ikaota mizizi ambayo haijang'oka hata leo.

Katika miaka ya 1950 lugha ya kigeni iliyopewa nafasi ya kwanza shuleni ilikuwa Kirusi. Mapinduzi ya Utamaduni yalipoanza mwaka 1966, mitihani ya kuingia vyuo vikuu ilisimamishwa. Iliporudishwa mwishoni mwa mwaka 1977, watu wapatao milioni 5.7 waliifanya, na waliochaguliwa hawakuzidi 300,000. Nchi ikafungua milango kwa biashara na sayansi ya nje, na Kiingereza kikashika nafasi ya mbele. Mwaka 1982 televisheni ya taifa ilianza kuonyesha masomo ya Kiingereza yaliyotengenezwa na BBC, na watu kwa mamilioni wakayafuata. Mwaka 1987 ulianzishwa mtihani wa Kiingereza wa vyuo vikuu, Daraja la Nne. Na mwaka 1989 ukafuata ule wa Daraja la Sita, ulio mgumu zaidi.

DAKIKA 130

Mtihani huu hufanywa mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Juni na mwezi wa Desemba. Asiyepata alama 425 katika Daraja la Nne haruhusiwi kujiandikisha kwa Daraja la Sita. Alama zote ni 710, na muda wa kuandika ni dakika 130.

Dakika 30 za kwanza ni za insha ya maneno 150 hadi 200. Kisha huja dakika 30 za kusikiliza: mtahiniwa husikia mazungumzo, habari na mihadhara, kila kimoja mara moja tu. Lililompita limempita. Hapo karatasi ya kwanza ya majibu hukusanywa, hata asipate nafasi ya kurudi nyuma na kurekebisha. Zinafuata dakika 40 za kusoma makala na kujibu maswali 30. Dakika 30 za mwisho ni za tafsiri: aya ya Kichina juu ya historia, utamaduni au uchumi wa nchi, nayo lazima igeuzwe kuwa Kiingereza.

Sasa msomaji na azitazame hesabu. Kusikiliza kuna sehemu 35 kwa mia ya alama; kusoma 35; insha 15; tafsiri 15. Jumla ni mia kamili, na kuzungumza hakumo. Mtihani wa kuzungumza upo, ulianza mwaka 1999, lakini hufanywa kando na kwa hiari, na alama zake haziingii katika zile 710. Hapo ndipo ububu unapoanzia. Mwanafunzi hana tofauti na kuruta: kiatu kitakachokaguliwa ndicho kinachong'arishwa.

KIJANA WA MILIMANI

Msomaji na amwazie kijana aliyetoka kijiji cha milimani katika jimbo la Hunan. Wazazi wake wanafanya kazi viwandani Guangdong, naye amelelewa na bibi yake. Katika shule ya kijijini mwalimu aliyefundisha hesabu ndiye aliyefundisha na Kiingereza, naye mwalimu huyo hakuwahi kumsikia mzungumzaji wa lugha hiyo ila katika kanda. Vijana wa namna hii ni wengi. Kwa nguvu ya kalamu amefika chuo kikuu, na huko amewakuta wenzake wa Beijing na Shanghai waliofundishwa matamshi tangu utotoni. Mwalimu akiuliza swali, yeye huinamisha kichwa. Jibu analo; sauti ya kulitoa hana.

Si mvivu, wala si mjinga. Lugha yake ya kuzaliwa inamvuta nyuma. Katika Kichina kitenzi hakibadili umbo lake, iwe ni jana, leo au kesho. Neno la "yeye" lina sauti moja kwa mwanamume na kwa mwanamke, kama ilivyo katika Kiswahili. Ndiyo sababu hata aliyesoma miaka kumi hujikuta, akizungumza kwa haraka, akimtaja mama yake kwa neno la Kiingereza la mwanamume. Sauti ya "th", ambayo Mswahili anayo katika "thelathini", haimo katika Kichina sanifu, na wengi huigeuza kuwa "s". Na katika sehemu nyingi za Hunan watu hawatenganishi "l" na "n". Kalamu hupata nafasi ya kusimama, kufikiri na kufuta. Ulimi hauna kifutio.

Kinachomngoja mbele ni kizito. Tangu mwaka 2005 hakitolewi tena cheti cha kufaulu au kushindwa; hutolewa taarifa ya alama tu. Hata hivyo waajiri wengi huendelea kuitazama alama ya 425 kama mpaka: aliye juu yake huitwa kwa mahojiano, na barua ya aliye chini huenda isisomwe. Vyuo vingine vilifunga pamoja shahada na mtihani wa Kiingereza; mwaka 2023 Chuo Kikuu cha Xi'an Jiaotong kilitangaza kulifungua fundo hilo. Lakini mama aliye kiwandani hazijui habari hizo zote. Akipiga simu usiku baada ya zamu yake, haulizi kijana ameelewa nini. Huuliza neno moja: "Mwanangu, umepita?" Wala hapana haki ya kumlaumu. Ujira wake umo ndani ya swali hilo.

KAZI YA MIEZI SITA

Basi matayarisho huanza. Alfajiri, katika vyuo vingi, wanafunzi huonekana wamesimama kando ya ziwa, chini ya miti au mwishoni mwa ukumbi, kila mmoja na kitabu chake. Mchana viti vya maktaba huwekewa vitabu ili visichukuliwe. Usiku, taa za mabweni zikizimwa, wengine huendelea kwa taa ndogo chini ya chandarua. Mtihani wa Desemba una adha yake ya pekee: kusini ya mto Huai majengo mengi hayana mabomba ya kupasha joto kama ya kaskazini, na kijana wa Hunan hujisomea na chupa ya maji moto mapajani ili vidole visife ganzi.

Msamiati unaotakiwa wapita maneno 5,000. Vitabu vingi vya msamiati hufuata alfabeti, na miongoni mwa maneno ya kwanza kabisa limo lile lenye maana ya "kuacha" au "kutelekeza". Wanafunzi hutaniana kwamba wengi hulikariri neno hilo, kisha hulitii. Mwenye busara hakariri kurasa nzima kwa usiku mmoja. Hufuata somo la Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyeonyesha mwaka 1885 jinsi akili isahauvyo haraka katika siku za mwanzo, na polepole baadaye. Kwa hiyo hulirudia neno kesho yake, kisha siku ya nne, ya saba na ya kumi na tano. Maneno 20 kwa siku, kwa miezi sita, ni maneno 3,600. Yakijumlishwa na yale aliyokwisha kuyajua, njia imekwisha. Haba na haba hujaza kibaba.

Katika kusikiliza, dawa inayosifiwa ni imla. Husikia sentensi moja, huiandika, huisikia tena, kisha hulinganisha na maandishi. Dakika moja ya sauti yaweza kula nusu saa. Hapo hugundua jambo la kumshangaza: maneno yaliyomshinda si mageni. Alikuwa akiyajua kwa jicho tangu shule ya sekondari, lakini sikio halikupata kujulishwa kwayo. Waingereza huyaunganisha maneno na kumeza mengine, na neno ambalo hujawahi kulitamka ni vigumu kulitambua likipita mbio.

Katika insha uko mtego. Mianzo na miisho iliyokwisha kupikwa huuzwa vitabuni, nayo hukaririwa na kubandikwa juu ya habari yoyote. Msahihishaji hukutana nayo mara kwa mara, na huitambua kama mlinzi wa lango atambuavyo kitambulisho cha kuazima. Afadhali insha moja kwa juma, mbaya lakini ya mtu mwenyewe, isahihishwe, kisha iandikwe upya.

Na tafsiri humrudisha nyumbani. Kila mwaka kijana huyu ametazama mashindano ya mashua za joka, sikukuu inayounganishwa na Qu Yuan, mshairi wa kale aliyejitosa katika mto Miluo, humo humo Hunan. Anaweza kusoma makala ya Kiingereza juu ya benki za London. Lakini akiambiwa aieleze sikukuu ya kijijini kwake, maneno humkimbia. Hapo hutambua kwamba miaka yote amejifunza Kiingereza cha mambo ya watu wengine, na cha maisha yake mwenyewe hakuwa nacho.

DAWA YA UBUBU

Wachina hawakuyafumbia macho maradhi haya. Tangu miaka ya 1980 imejulikana ile "Pembe ya Kiingereza" ya Chuo Kikuu cha Renmin mjini Beijing, walipokusanyika watu wa kila namna Ijumaa jioni, wasiojuana, wakazungumza Kiingereza wakiwa wamesimama. Katika miaka ya 1990 yalivuma mafunzo ya kupaza sauti viwanjani, watu kwa maelfu wakitamka sentensi kwa kelele ili kuiua haya. Kelele peke yake haifundishi lugha. Lakini waliobuni jambo hilo walikuwa wameuona ugonjwa ulipo. Ulimi wa mtu mzima hufungwa na hofu ya kuchekwa.

Kijana wa milimani huenda hana pembe kama hiyo karibu naye, wala fedha za mwalimu wa kigeni. Dawa yake imo ndani ya kazi ile ile anayoifanya kwa ajili ya mtihani. Akiisha kuandika imla, na aifuate sauti kwa ulimi wake, sentensi kwa sentensi, mpaka pumzi zao ziende pamoja. Akiisha kusoma makala, na amsimulie mwenzake wa bwenini kwa maneno machache. Kabla ya kuiandika tafsiri, na aitamke. Maandishi ni yale yale na muda unaoongezeka ni mchache, lakini milango yote mitatu imefunguka. Wala alama haipungui: sauti ambayo ulimi umeizoea, sikio huikamata upesi, na kusikiliza ndiko kunakobeba zaidi ya theluthi moja ya alama zote.

Hapa ndipo watu wengi wapotokapo. Hudhani kwamba ni lazima kuchagua moja, ama kujisomea mtihani, ama kujifunza lugha. Na kwa kuwa mtihani una tarehe na lugha haina, huiahirisha lugha. Tarehe hupita. Alama hutoka, yumkini zaidi ya 425, na furaha huwa kubwa kiwandani Guangdong. Kisha siku ya mahojiano ya kazi mwajiri humsemesha kijana kwa Kiingereza, na karatasi aliyoshika haiwezi kumjibia. Alama huufungua mlango. Anayeingia na kukaa ni mtu mwenyewe, na sauti yake.

Somo hili si la Wachina peke yao. Mzazi aliye kambini au kituoni, ambaye mwanawe yu karibu na mtihani, kwa kawaida humuuliza, "Umepata ngapi?" Swali hilo lina mahali pake. Lakini jioni, kazi zikiisha kupungua, na amwambie pia, "Hebu nisomee, nisikie." Hata mama asiyejua neno moja la Kiingereza hutambua pale mtoto anapokwama, anapomeza maneno, na pale anaposoma kama mtu aelewaye asemalo. Kwa gharama ya robo saa, mtoto huyo atakuwa amepewa kitu ambacho hakimo katika karatasi yoyote ya mtihani: mtu wa kumsikiliza.