Ukuta Hausuguliwi Kama Sufuria

Ndugu msomaji, wengi wetu tunaoishi mijini tumepanga, na ukuta wa nyumba ya kupanga ni amana. Ukiuacha mchafu, utaona haya mbele ya wageni, ukiuharibu, utaulipia. Mimi nilipata aibu na hasara kwa pamoja, nami napenda kukusimulia ili nawe yasikufike.

Zilibaki siku mbili kufika Idd el Fitr. Mwanangu wa miaka sita alikuwa amechora basi kwa mkaa kwenye ukuta wa sebule yetu, pamoja na abiria wake wote. Nilimchapa. Kisha, mama yake akiwa kazini zamu ya usiku, nikachukua waya wa kusugulia masufuria na sabuni ya unga, nikajitia fundi. Basi lilifutika kweli, lakini na rangi nayo ikafutika, hata plasta ikaonekana. Palipokuwa na mchoro wa ukubwa wa sahani pakabaki kidonda cha ukubwa wa sinia. Mtoto akakitazama, kisha akaniuliza kwa upole: "Baba, na wewe atakuchapa nani?"

Sikuwa na jibu.

Fundi rangi niliyemwita kuniokoa, mzee mwenye maneno machache, aliniambia kwamba kosa langu la kwanza lilikuwa kuosha kitu nisichokijua. Ukuta wa chokaa huutambua kwa kiganja: ukiupapasa, unga mweupe hubaki mkononi. Huo hauoshwi, hupanguswa vumbi na kupakwa upya. Rangi ya maji huvumilia kitambaa chenye unyevu, lakini ukiisugua kwa nguvu huacha baka linalong'aa au huchubuka kabisa. Rangi ya mafuta ndiyo istahimiliyo kuoshwa, na kwa sababu hiyo mara nyingi hupakwa sehemu ya chini ya ukuta, inayofikiwa na mikono ya watoto.

Ukishajua aina ya rangi, pangusa vumbi kwanza kwa kitambaa kikavu au ufagio laini, hasa masizi ya jiko na kibatari, kwani yakikutana na maji hugeuka tope jeusi. Andaa ndoo mbili: moja ya maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, nyingine ya maji safi ya kusuuzia. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, kama nyuma ya kabati. Kamua kitambaa vizuri, kisha anza chini ukipanda juu. Maji machafu yakitiririka juu ya ukuta mkavu huacha michirizi iliyo migumu kuondoa. Suuza, kisha kausha. Kwa mchoro wa mkaa, kung'uta unga wake kwanza, halafu pitisha ufutio wa penseli taratibu. Karibu na swichi za umeme, zima kwanza swichi kuu.

Ukiona ukungu, tafuta panapovuja kabla ya kulaumu rangi. Dawa ya klorini iliyozimuliwa kwa maji huuondoa, lakini fungua madirisha, na kamwe usiichanganye na dawa kali ya kusafishia choo, maana mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu.

Neno la mwisho la mzee yule ndilo lililonitisha. Katika nyumba kuukuu, rangi ya mafuta ya zamani huenda ikawa na madini ya risasi. Usiikwangue wala kuipiga msasa ikiwa kavu, kwani vumbi lake huingia vinywani mwa watoto na kudhuru ubongo wao. Ikibanduka, waondoe watoto, futa vipande na vumbi kwa kitambaa chenye maji, kisha mwite fundi ajuaye hatari hiyo.

Nilitazama vumbi la kazi yangu sakafuni, pale mwanangu alipozoea kuchezea, nikashukuru kwamba ukuta wetu ulikuwa wa rangi mpya ya maji.

Fedha niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya shati langu la sikukuu ilikwenda kununua rangi. Iliyobaki nikanunua daftari la kuchorea na penseli za rangi, nikampa mwanangu na kumwomba radhi. Alipokea, akachora basi lingine. Safari hii dereva alikuwa mimi.

Ndugu msomaji, doa la mtoto huondoka kwa maji na subira. La hasira ya mzazi halina sabuni.