Upote

Uta nilioununua Alunguli ulikuwa umepita kwa wawindaji wawili kabla yangu. Niliuvusha Lualaba kwa mtumbwi, nikamwonyesha babu nyumbani Kasuku. Akaigusa kamba ya nailoni, akauliza: "Na upote wake uko wapi, mujukuu?"

Sikulijua neno hilo. Mimi, mwanafunzi wa Kiswahili, niliyezoea kumsahihisha kila asemapo "mutoto" badala ya "mtoto"! Babu ni mtu wa Kasongo, mji alikokaa Tippu Tip katika karne ya 19. Kiswahili kilifika kwao kabla ya shule zetu.

Alichana kekele, akaufunga upote mpya. Tulipouvuta, mkono wa chini ulipinda sana, wa juu ukakaa mgumu. "Usiguse uliolegea," alisema. "Kwangua ule mugumu. Kidogo tu, kisha vuta, utazame."

Nilikuwa na haraka. Nilikwangua mara nyingi bila kuvuta, hadi mkono wa juu ukawa dhaifu kuliko wa chini. Ikabidi niupunguze wa chini pia. Mikono ililingana, lakini uta ulipoteza nguvu: mshale uliokuwa ukivuka ua wote sasa unaangukia kwenye mwembe wa katikati.

Babu hakunigombeza. Aliokota vipande vyembamba nilivyokwangua, akaviweka kiganjani mwangu. "Hivi havirudi," alisema.

Tangu siku hiyo ninaandika maneno yake daftarini kama anavyoyatamka. Kalamu nyekundu nimeiweka kando.