Mkataba Ukiisha, Nani Anabaki na Hesabu?

Muuguzi wa zahanati milimani Amani akiandika 3/12 kwenye safu ya umri, kila mtu pale anajua ni mtoto wa miezi mitatu. 2/52 ni wiki mbili, 5/7 ni siku tano. Ndivyo watu wa afya kwetu Tanzania walivyofundishwa vyuoni, na wengi wanaandika hivyo kwenye rejista za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya. Sasa mpe karani aiingize 3/12 hiyo kwenye Excel bila kuipanga safu kwanza. Kompyuta iliyowekwa mtindo wa Uingereza itaisoma tarehe 3 Desemba, ya mtindo wa Marekani itasema 12 Machi. Mtoto amepotea, tumebaki na siku ya kalenda. Rejista ya wodi ya wazazi nayo ina mtego wake: mama kajifungua 2:30, lakini ni saa mbili na nusu ya nani? Ya mkunga anayehesabu saa kwa Kiswahili, au ya fomu iliyochapishwa kwa Kiingereza?

Faili la namna hiyo likivuka bahari, kuna mtu upande wa pili analifungua na kuanza kukuna kichwa. Mimi ni mmoja wa watu hao. Naishi Rockville, Maryland, nje kidogo ya Washington, na riziki yangu ni kuandika programu za takwimu kwa ajili ya utafiti wa huduma za afya. Si mtafiti. Mtafiti anauliza swali, kwa mfano ni wagonjwa wangapi wa kisukari waliacha dawa kwa sababu ya bei. Sisi tunachukua mafaili, tunayasafisha, tunayaunganisha, tunatoa majedwali. Kazi yenyewe hutolewa kwa mkataba, na mimi nimeajiriwa na mwenye mkataba.

Mji huu umejengwa juu ya kazi za aina hiyo. Kwa miaka mingi makao ya AHRQ, wakala wa serikali ya Marekani unaoshughulika na utafiti wa huduma za afya, yamekuwa hapa. Tangu 1996 wakala huo umekuwa na utafiti wake mkubwa uitwao MEPS, unaofuatilia kaya zinatibiwa wapi, kwa gharama gani na nani analipa. Kuwahoji wanakaya kumekuwa kazi ya kampuni ya Westat, nayo ya mji huuhuu. Wachumi wa wakala wana maswali yao kichwani, lakini sehemu kubwa ya kuandika programu hutangazwa zabuni. Kampuni zinashindana, moja inashinda, inapewa mwaka mmoja wa uhakika na minne ya hiari, kila mwaka mteja akiamua aendelee au aachie hapo.

Nikiwa mgeni wa kazi hii, kilichonishangaza ni unene wa hadidu za rejea. Kwetu nilizoea hadidu zinazosema mtaalamu mshauri atachambua data na kuandika ripoti, basi. Huku kuna kurasa nzima kuhusu mambo ambayo kwetu yangeonekana ya kitoto. Kila programu ianze na maelezo: nani kaiandika, lini, inasoma faili gani, inatoa faili gani. Kila jedwali liandikwe na mtu wa pili asiyeona kazi ya wa kwanza, halafu majibu yalinganishwe mpaka tarakimu ya mwisho. Logi ya SAS, programu ya takwimu, ihifadhiwe hata kama haina kosa. Na kuna kifungu kinachosema programu zote, pamoja na maelezo yake, mteja atakuwa na haki nazo hata mkandarasi akiondoka.

Halafu kuna kipindi cha makabidhiano. Kampuni ikishindwa zabuni ya awamu inayofuata, inalipwa kwa wiki kadhaa kumfundisha aliyeishinda. Ni jambo la ajabu kuliona kwa macho: watu wanaelekezana mahali faili lilipo huku mmoja akijua kuwa Jumatatu hana kazi. Mara nyingi hata hilo halitokei, kwa sababu kampuni mpya inawaajiri walewale. Anabaki kwenye kiti kilekile na kompyuta ileile, beji shingoni tu ndiyo imebadilika jina.

Msinielewe kwamba huku ni peponi. Ninachoandikia programu sijawahi kukiona. Naunganisha bili za hospitali ambazo sijakanyaga, za wagonjwa ambao kwangu ni namba za tarakimu nane. Nikikuta safu yenye alama 9 na kitabu cha maelezo hakisemi kama 9 ni "hajui" au "amekataa kujibu", siwezi kumpigia simu aliyejaza. Swali langu linapanda kwa kiongozi wa timu, linakwenda kwa msimamizi wa mkataba upande wa serikali, linateremka kwa wakusanyaji, kisha linarudi njia ileile. Wakati mwingine jibu linafika tumeshakabidhi kazi. Na saa zote hizo zinaandikwa, maana mteja analipia saa.

Kule kwetu Muheza, wilaya yenye ile Amani, swali linatembea kwa miguu.

Niwaeleze wasioijua jiografia yetu, maana watu huambiwa Usambara wakafikiria Lushoto tu. Lushoto iko Usambara Magharibi. Amani iko Usambara Mashariki, wilaya ya Muheza, barabara inayopanda kutoka Sigi kupitia msituni hadi kwenye mashamba ya chai. Kituo cha utafiti cha Amani cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, yaani NIMR, kilianzia kule juu, na baadaye shughuli zake nyingi zikateremshwa Muheza mjini, karibu na hospitali ya Teule. Tafiti kubwa zimepita hapo. Hospitali hiyo ilikuwa miongoni mwa vituo 11 vya Afrika vilivyolinganisha sindano ya artesunate na kwinini kwa watoto wenye malaria kali. Watoto 5,425 walishiriki, matokeo yakatoka mwaka 2010: vifo asilimia 8.5 kwa artesunate, 10.9 kwa kwinini. Mwongozo wa tiba wa Shirika la Afya Duniani ulibadilika kwa ajili yao.

Chumba cha data cha mradi wa namna ile kina utaratibu ambao wasomaji wengi wa blogu hii mmeupitia. Fomu inaingizwa na karani wa kwanza, kisha inaingizwa upya na wa pili, programu inalinganisha na kutoa orodha ya tofauti. Karani anachukua orodha yake na fomu kwapani, anavuka uwanja hadi wodini. "Shikamoo dada, hii 3/12 ni miezi au mmeandika tarehe?" Dada anacheka, anasahihisha kwa kalamu, anaweka sahihi na tarehe pembeni. Dakika kumi. Mkataba wa dola milioni kadhaa hapa Rockville hauwezi kununua dakika kumi hizo.

Ujuzi wa namna hiyo ndio unaookoa tafiti. Mwaka 2004 jarida la BMJ lilichapisha utafiti wa hospitali 10 za kaskazini-mashariki mwa Tanzania, uliofanywa na watafiti wa kwetu na wa London. Kati ya wagonjwa 4,474 mahututi waliolazwa na kutibiwa kama wana malaria, waliokutwa kweli na vimelea kwenye damu walikuwa 2,062, pungufu ya nusu. Wengine walikuwa wakiugua kitu kingine na wakipewa kwinini. Jambo kama hilo huwezi kulijua kwa kuangalia safu iliyoandikwa "malaria" ukiwa mbali. Lazima mtu akae wodini, asome upya slaidi, alinganishe na kilichoandikwa.

Tatizo letu linaanza mradi ukiisha. Msimamizi wa data, mara nyingi kijana mmoja anayejua kila kitu, mkataba wake unaisha siku moja na fedha za mfadhili. Mwezi unaofuata yuko Ifakara, au Dodoma, au amepata nafasi ya kusoma Ulaya. Programu za kusafisha data ziko kwenye kompyuta mpakato yake au kwenye flashi. Nakala safi ya data iko kwa chuo mshirika ng'ambo, imetunzwa vizuri, hilo siwanyimi. Pale kituoni zimebaki fomu ndani ya maboksi na faili linaloitwa "final_final2" ambalo hakuna anayethubutu kulifungua. Miaka mitatu baadaye mwanafunzi wa uzamili anakuja kuuliza kama anaweza kuzitumia, na jibu ni namba ya simu ya mtu aliyehama.

Sheria zetu hazijalala. Data za utafiti wa afya haziruhusiwi kutoka nchini bila makubaliano ya kuzihamisha yanayopitia NIMR, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Zote zinatazama mlangoni, nani anaondoka na nini. Lakini hata data ikibaki, bila programu zilizoipika ni unga usiojulikana umesagwa kutoka nafaka gani.

Zamani Amani ilikuwa na jibu lake, na halikuwa mkataba. Wajerumani walijenga pale taasisi ya kilimo na viumbe mwaka 1902. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 watu wa malaria wakahamia humo, na kituo kikawa cha Afrika Mashariki yote. Kutoka huko waliendesha mradi wa malaria wa Pare na Taveta, nyumba zikapulizwa dawa ya dieldrin hadi 1959, na wakaendelea kuhesabu mbu na kupima damu za watu baada ya kupuliza kukoma. Wapimaji wa hadubini na wakamata mbu walikuwa waajiriwa wa kudumu. Wengine waliajiriwa vijana wakastaafu wazee palepale. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mwenye kituo alikufa, kwa maana ya kisheria. NIMR ikaundwa kwa sheria ya 1979 na kukirithi. Kilichovuka kutoka mwenye nyumba mmoja hadi mwingine ni wafanyakazi na madaftari yao. Siwatamanii ukoloni wala mishahara ile. Nasema tu kwamba kumbukumbu ilikuwa na mtu wa kuishika kesho yake.

Na hawa wa huku wenye hadidu nene? Mtu wa kwetu aliyejisifu kwa takwimu za taifa mwaka 2025 alikuwa na sababu ya kufikiri. Takwimu moja inayotajwa sana kwenye afya Tanzania ni vifo vya akina mama: 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015-16, na 104 katika ule wa 2022. Kuhoji kaya kulifanywa na watu wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu na wenzao wa Zanzibar, vishikwambi mkononi. Msaada wa kiufundi, pamoja na programu za kuingiza na kuchakata, ulitoka mpango wa DHS, ulioanza 1984 kwa fedha za USAID na ambao mkandarasi wake, ICF, ana ofisi hapahapa Rockville. Tarehe 4 Februari 2025 Rais Samia alipokea Dar es Salaam tuzo ya Gates Foundation kwa kushuka kwa vifo hivyo. Mwezi huohuo serikali ya Marekani iliuvunja mkataba wa DHS. Tovuti ikaweka tangazo kwamba mpango umesimama na maombi ya data hayatajibiwa. Baadaye Gates Foundation ikatoa fedha za kumalizia tafiti zilizokuwa njiani, lakini kwa miezi kadhaa mtafiti mpya wa Muheza aliyetaka data za nchi yake mwenyewe kupitia mlango ule aliukuta umefungwa.

Hapa mjini kwetu niliwaona watu wa fani yangu wakibeba maboksi. Makabidhiano hayakuwapo, maana kifungu cha makabidhiano kinamhitaji mtu wa kukabidhiwa. Karatasi nene inalinda kazi pale mkandarasi anapobadilika. Mteja mwenyewe akiondoka haina la kusema.

Kwa hiyo sitawashauri ndugu zangu wa vituo vya utafiti mwige Rockville yote. Chukueni vifungu viwili: programu zote zikabidhiwe kituoni pamoja na maelezo yake, na mkandarasi au msimamizi wa data alipwe mwezi mmoja wa kumfundisha mwajiriwa wa kudumu wa kituo. Mengine, ya kuvuka uwanja na fomu kwapani, mnayajua kuliko sisi.

Nilimwandikia hivyo rafiki yangu mmoja wa fani hii aliyeko Tanga. Akajibu, "Kaka, mfadhili gani atalipia mwezi ambao kazi imeshaisha?" Nikamweleza kuwa huku mwezi huo unatiwa bei tangu siku ya zabuni, una mstari wake kwenye bajeti kama mafuta ya gari, na hakuna anayeushangaa. Nimemtumia mfano wa mstari wenyewe. Ana andiko la mradi linalotakiwa kufika kabla mwezi huu haujaisha, na amesema atauweka. Mfadhili akitaka kuufuta, aufute kwa maandishi.